FOKASI SI MALI YA PROGRAMU

Wako wenzetu katika somo la tarakilishi wanaodhani kazi ya programu ni kumwamrisha anayeitumia. Mimi nawapinga, tena waziwazi.

Madirisha yanaweza kuwa kumi kwenye kioo, lakini kibodi ni moja, na herufi unazobonyeza huenda kwa dirisha moja tu: lile lenye fokasi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Fokasi inapohama, anayeipoteza hupewa taarifa, na anayeipata vilevile. Katika Visual Basic, kisanduku cha maandishi kikiipata hutokea tukio la GotFocus; kikiipoteza, LostFocus. Hapo mwandishi wa programu anaweza kubadilisha rangi ya kisanduku au kukagua kilichoandikwa. Hadi hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza mtu anapoandika ndani ya LostFocus: umri ukikosewa, fokasi irudi hapa hapa! Kisanduku cha pili nacho kimewekewa sheria iyo hiyo. Basi cha kwanza kinavuta, cha pili kinavuta, utadhani kuku wawili wamepata mnyoo mmoja. Jamani, mtumiaji afanyeje? Hata kitufe cha kufunga hakifikii. Ndiyo sababu Visual Basic 6, ya mwaka 1998, ilileta tukio la Validate pamoja na sifa ya CausesValidation, ili kitufe kama cha msaada kiweze kubonyezwa bila ukaguzi kuzuia.

Lakini kubaya zaidi ni dirisha kuruka mbele bila kuitwa. Karani anachapa nywila macho yakiwa kwenye karatasi. Akiinua kichwa, nusu ya nywila imo katika dirisha geni, inasomeka wazi! Tangu Windows 98 na Windows 2000, Microsoft waliibana tabia hii: programu iliyo nyuma ikijaribu kujileta mbele, kwa kawaida hunyimwa, na kitufe chake kwenye upau wa kazi humetameta tu. Wako wanaonung'unika ati wamenyimwa uhuru. Uhuru gani wa kumpokonya mtu kalamu akiandika?

Hebu, ndugu zangu wa Kidato cha Nne, kabla hamjawasilisha miradi yenu, acheni kisanduku kimoja kitupu kisha mbonyeze kitufe cha kufunga. Kikikataa, kazi bado.