Manyani na Siri za Nafsi
Kila nipitapo gereza la Manyani nikitoka Voi kwenda Nairobi, huikumbuka nadharia ya wafuasi wa Freud kwamba mhalifu husukumwa na majeraha ya utotoni asiyoyatambua mwenyewe. Ubora wake ni kutukumbusha kuwa mshtakiwa naye alikuwa mtoto. Udhaifu wake ni kwamba nafsi haipimiki, hivyo mwenye mamlaka huisoma apendavyo. Kwa fikra za jirani na hizo, mwaka 1954 Daktari Carothers aliieleza serikali ya kikoloni kuwa Mau Mau ni msukosuko wa akili zaidi ya madai ya ardhi. Mwaka uo huo maelfu walifungiwa Manyani bila kushtakiwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikiri kuwa Wakenya waliteswa. Mahakama na zichunguze utoto wa mtu, ila zimwulize pia shamba lake lilikwenda wapi.