CT Scan ya mtoto ikiwa safi, usiishie hapo

Mtoto anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, akitembea anayumba. CT Scan imetoka safi. Je, tumemaliza?

CT hutumia mionzi ya eksirei, huchukua dakika chache na huonyesha vizuri damu iliyovuja au fuvu lililopasuka. Lakini uvimbe mdogo, hasa upande wa kisogoni ambako wa watoto hutokea mara nyingi, unaweza kujificha. MRI hutumia sumaku, huuona vizuri zaidi, ila huchukua nusu saa au zaidi. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi ili atulie.

Dalili zikiendelea, mrudishe haraka, umuulize daktari: “Anahitaji MRI?” Mzazi wa Iringa ukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya, beba picha zenyewe za CT, siyo karatasi ya majibu pekee.