Homa si Homa Tu

Wasee, huku Makwasinyi mtu akisema "nina homa," inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa malaria. Neno ni moja, dawa si moja. Na hapo ndipo tunapoumia, juu tunabahatisha na kapsuli za amoxil zilizobaki nyumbani. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata umeze dazeni.

Marekani iliidhinisha kipimo cha kujipima mafua nyumbani Februari 2023: unajipangusa puani, nusu saa jibu liko. Jibu la haraka lina maana, kwa sababu dawa kama Tamiflu hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48. Sisi saa hizo zinaisha tukingoja matatu ya Voi.

Na msiniambie hatuwezi kujipima. Vipimo vya kujipima HIV vilizinduliwa Kenya 2017, na kemisti wanaviuza. Basi tuletewe na cha mafua, kwa bei ya kijijini.

Kwa sasa? Pumzika, kunywa maji, meza panadol. Mwili ukichemka, pima malaria kwanza. Na ukipumua kwa shida, usingoje kesho. Nenda hospitali.