SHERIA KWANZA, MASHINE BAADAYE



Mto Lwakhakha hutenganisha nchi mbili, lakini hautenganishi ukoo. Mji wa ng'ambo una jina lile lile la mji wetu, na Mbukusu wa Bungoma humwelewa Mgisu wa Uganda bila mkalimani. Kwa miaka mingi vijana wengi wa mipakani mwa Kenya wameulizwa maswali ambayo wenzao wa kwingineko hawakuulizwa, kabla ya kupewa kitambulisho. Kwa hiyo, serikali isemapo kwamba huduma zake zote zitapitia kwenye kompyuta, na kwamba namba moja itakuwa ufunguo wa kila mlango, sisi tunauliza: je, aliyenyimwa ufunguo atalala wapi?

Hatupingi mashine. Anayepata cheti bila kupanga foleni wala kutoa hongo amepata nafuu, na nafuu hiyo tunaitaka. Tunachopinga ni mashine kutangulia sheria. Babu zetu walikionja kipande. Sheria ya mkoloni ya 1915 ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba alama za vidole vyake katika kijaluba cha bati shingoni. Daftari lile lilikuwa safi, lakini halikuandikwa kwa faida ya aliyeandikwa.

Kwa sababu hiyo twasimamisha nguzo nne.

Kwanza, sheria itangulie. Mwezi Aprili na Mei 2019 mamilioni ya Wakenya walitoa alama za vidole kwa ajili ya Huduma Namba, wengi wao kwa hofu ya kunyimwa huduma. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba mwaka huo, watu wakiwa wamekwisha kuandikishwa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utoaji wa kadi zile haukuwa halali, kwa kuwa madhara yake kwa siri za watu hayakuwa yamepimwa kwanza. Nyumba ilijengwa kabla ya msingi, na gharama ikamwangukia mlipa kodi.

Pili, asinyimwe mtu haki kwa kuwa mashine haimtambui. Ng'ambo ya daraja letu, nchini Uganda, wako wazee waliokosa posho ya uzeeni kwa sababu kitambulisho cha taifa kiliandikwa umri usio wao. Januari 2020, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum pamoja na wenzao, Mahakama Kuu ya Kenya ilikiri kwamba wasio na hati wangeweza kuachwa nje. Basi njia ya karatasi ibaki wazi. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na huduma kukwama, nchi nzima iliona ubaya wa kuwa na mlango mmoja tu.

Tatu, serikali isichukue kupita mahitaji yake. Sheria ya 2018 iliruhusu kukusanywa kwa vinasaba vya raia na mahali hasa anapoishi. Mahakama ilikataa. Mwili wa mwananchi si mali ya ofisi.

Nne, anayetuona nasi tumwone. Wenye umri wanaukumbuka mlolongo wa 1988: watu walisimama nyuma ya wagombea mchana kweupe, kisha mshinde akatangazwa mshindi, na hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Daftari lisomwalo na mtawala peke yake si ushahidi. Mwananchi aonyeshwe kilichoandikwa juu yake, ajue nani amekisoma, na apate pa kurekebishia kosa. Fedha nazo zionekane. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kulipa karo za shule kupitia eCitizen, kwa kukosa msingi wa sheria na kwa kutowashirikisha wananchi.

Wapo watakaosema kwamba tunachelewesha maendeleo. Twawajibu: kilichochelewesha ni pupa. Kila mara hatua ya sheria iliporukwa, kazi ilirudi mahakamani na kuanza upya. Wasomaji wa Biblia mnakumbuka jinsi Mfalme Daudi alivyowahesabu watu wake: tauni iliwapiga waliohesabiwa, si aliyehesabu.

Katiba ya 2010 imetupa silaha. Kifungu cha 10 kinadai wananchi washirikishwe, cha 31 kinalinda faragha, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Basi mswada au kanuni za huduma za kompyuta zikiletwa mbele ya umma, tusiwaachie mawakili wa Nairobi. Kila kanisa na kila kikundi kitume mtu mwenye maswali manne: Sheria iko wapi? Asiye na namba atahudumiwaje? Mnachukua nini, na kwa nini? Nani atawakagua ninyi?

Wasipojibu, tusiweke kidole.