Kifyonza vumbi cha betri: Tazama kichujio kabla ya kutazama bei

Vumbi ni mgeni asiyepiga hodi. Wakazi wa Kayole, Githurai, Kitengela na Ongata Rongai wanalijua vyema, hasa miezi ya Januari na Februari mvua inapokosekana na kila gari linalopita barabara ya udongo kuacha wingu nyuma yake. Mama hupangusa meza asubuhi, na kufikia saa nane mchana mtoto aweza kuandika jina lake juu ya meza hiyo kwa kidole.

Silaha yetu ya tangu jadi ni ufagio. Ufagio huondoa mchanga, lakini vumbi jembamba hulirusha hewani. Mchanga huanguka papo hapo, ilhali vumbi lile ambalo jicho halilioni huweza kuelea kwa saa kadhaa likivutwa puani. Kwa mtu mzima mwenye afya, pengine itakuwa chafya tu. Kwa mtoto mwenye pumu, huenda ukawa usiku mzima wa kukohoa na safari ya ghafla hospitalini.

Ndiyo maana yafaa tuulize: je, kifyonza vumbi kinachotumia betri, kisicho na waya, kinazifaa nyumba zetu?

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth aliona mashine iliyosafisha kwa kupuliza vumbi, naye akaamua kuunda ya kulivuta. Mashine yake ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi, ikisimama nje ya nyumba huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Vumbi likawa linatoka nje badala ya kuzungushwa ndani.

Baadaye zilikuja mashine ndogo zenye mfuko wa kukusanyia taka. Mfuko huo ulipozibwa na vumbi, nguvu ya kuvuta ilipungua. Mwingereza mwingine, James Dyson, alianza kushughulikia kasoro hiyo mwaka 1978 baada ya kuona jinsi kiwanda cha mbao kilivyotenganisha unga wa mbao na hewa. Aliunda vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika, na mwaka 1993 akauza mashine ya kwanza yenye jina lake.

Siri yake ni kimbunga. Hewa huzungushwa kwa kasi ndani ya kopo, uchafu mzito ukatupwa ukutani mwa kopo na kuanguka chini. Vifyonza vingi vya betri vya siku hizi hutumia njia hiyo. Kwa nyumba yenye mchanga mwingi, hii ni faida kubwa, kwani mchanga hubaki koponi bila kuziba njia ya hewa.

Hata hivyo, kimbunga pekee hakitoshi. Vumbi jembamba huponyoka na kufuata hewa, na hapo ndipo kichujio kinapohitajika. Kile kiitwacho HEPA, kwa kipimo cha Marekani, hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa takriban maikromita 70.

Lakini kichujio kizuri hakifai kitu endapo mashine inavuja hewa kwenye viungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kununua, angalia kama kuna mpira unaoziba vizuri mahali kopo linapokutana na mwili wa mashine. Nyumbani, iwashe gizani umulike tochi mahali inapotolea hewa. Ukiona vumbi likicheza kwenye mwanga, jua kwamba umenunua ufagio wa bei ghali.

Kukosa waya nako kuna manufaa. Sebule nyingi zina soketi moja au mbili, nazo zimekaliwa na televisheni na friji. Cha betri huingia chini ya kitanda, hupanda ngazi na kusafisha viti vya gari. Hata umeme ukikatika, kazi yaendelea mradi ulikichaji mapema. Lakini usidanganywe na dakika zilizoandikwa kwenye katoni. Aghalabu hizo ni za nguvu ya chini, na ukiongeza nguvu ili kusafisha zulia, betri huisha upesi sana.

Kadhalika, kitunze. Mwaga taka nje ya nyumba, si jikoni. Kama kichujio ni cha kuoshwa, kioshe kwa maji baridi na ukiache kikauke kabisa, aghalabu kwa saa 24, kabla ya kukirudisha. Usifyonze majivu ya jiko, kwani kaa moja lenye moto laweza kuunguza mashine, na majivu yenyewe huziba kichujio. Tena muulize muuzaji kama vichujio na betri za akiba zinapatikana mjini. Asipojua, tia pesa zako mfukoni.

Mwisho, tuseme ukweli. Ikiwa nyumba yako ina sakafu ya saruji au vigae pekee, kitambaa chenye maji kitakutosha, tena hakirushi vumbi. Mashine hii hulipa gharama yake kwenye zulia, makochi, mapazia na godoro, mahali ambapo kitambaa cha maji hakifiki na ambapo mtoto hulaza kichwa chake usiku.

Kwa hivyo uendapo dukani, usivutwe na rangi wala mngurumo wa mota. Muulize muuzaji swali moja tu: vumbi likishaingia humu, linatokea wapi?