Kumpunguzia Kifaranga Chakula: Kipimo au Dhulma?

Familia nyingi hufuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, na kila mfugaji ajua kuwa sehemu kubwa ya gharama humezwa na chakula. Kwa walio mbali na viwanda, kama ndugu zetu wa Digodigo wilayani Ngorongoro, bei ya mfuko huongezeka nauli. Ndipo hujitokeza kishawishi cha kuwapunguzia kuku chakula ili fedha ibaki. Je, yafaa?

Upo upunguzaji wenye manufaa, na upo unyimaji ulio dhulma. Kinachotenganisha ni kipimo.

Kuku wa nyama huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi, na baada ya wiki sita hufikia kilo 2 au zaidi. Nyama yake hukua upesi kuliko uwezo wa moyo na mapafu. Katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, ambako hewa ni nyepesi na usiku una baridi, moyo huweza kulemewa, maji yakajaa tumboni, na kuku akafa karibu na siku ya kuuzwa. Kupunguza chakula mapema, kwa muda mfupi, huvipa viungo hivyo nafasi ya kukomaa. Mwaka 1985 watafiti Plavnik na Hurwitz walionyesha kwamba vifaranga waliopunguziwa chakula kwa siku chache baada ya wiki ya kwanza, waliporudishiwa walikua kwa kasi wakawafikia wenzao, tena wakiwa na mafuta machache tumboni.

Basi, wiki ya kwanza kifaranga ale ashibe, joto likitunzwa. Wiki ya pili, ondoa vyombo vya chakula kwa saa chache tu kila siku, kisha virudishe. Maji yasiondolewe kamwe. Vyombo viwe vingi, wote wale kwa pamoja, wanyonge wasisukumwe pembeni. Kundi lenye ugonjwa lisiguswe. Kuanzia wiki ya tatu, chakula kirudi kamili. Bila hivyo, kuku hatafidia kitu. Kadhalika, mwenye kuuza kuku wa wiki nne asijaribu, kwani muda wa kufidia hautoshi.

Kwa hiyo njia hii si ya kumwokoa aliyeishiwa fedha. Faida yake kubwa ni kupunguza vifo, si kupunguza mifuko. Asiyeweza kununua chakula cha kuku mia, afuge hamsini.

Twakumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kuku wa bandani naye hana pa kwenda. Riziki yake imo mikononi mwetu, nayo ni amana.