Abbie Alikufa, Nani Aliomba Msamaha?

Kuna mtu atakuambia kwamba shabiki ni shabiki tu, na kwamba mbele ya skrini hatuna rangi. Mwambie arudie mwaka wa 2016, kuanzia Machi hadi Juni, halafu mkae chini muongee.

Tarehe 3 Machi, tamthilia ya The 100 ilimuua Lexa, kamanda wa kike, mzungu, muda mfupi tu baada ya yeye na Clarke kulala pamoja kwa mara ya kwanza. Risasi yenyewe haikuwa imelengwa kwake. Mashabiki walilipuka, na walikuwa na kila haki ya kulipuka: televisheni ya Marekani imewaua wanawake wanaopenda wanawake kana kwamba furaha yao inatozwa kodi. Wakajipanga. Wakachanga zaidi ya dola 100,000 kwa Trevor Project, shirika linalowasaidia vijana wa LGBTQ wasijiue. Wiki tatu baadaye mwandishi mkuu, Jason Rothenberg, akachapisha barua ya kuomba radhi. Kuna waandishi wengine wa televisheni waliotunga Ahadi ya Lexa, na mwaka uliofuata kukawa na kongamano zima Las Vegas, ClexaCon.

Hiyo ndiyo sura ya ukosoaji unaposikilizwa. Ishike akilini.

Sasa hesabu siku. Wiki moja baada ya barua ile, tamthilia ileile ikampigisha Lincoln magoti na kumpiga risasi kichwani. Lincoln alichezwa na Ricky Whittle, mwanamume mweusi, ambaye alisema hadharani kwamba mwandishi mkuu huyohuyo alimnyanyasa kazini na kumpunguzia hadithi mpaka akaona mlango. Tarehe 8 Aprili, Sleepy Hollow ikamuua Abbie Mills. Huyu hakuwa wa pembeni jameni. Nicole Beharie alikuwa amekibeba kipindi hicho tangu 2013, bega kwa bega na Ichabod Crane. Na walimuuaje? Walimfanya aeleze, akiaga, kwamba kazi yake maishani ilikuwa kumfikisha Crane mbele. Yaani mwanamke mweusi anajitoa uhai, kisha anaandikiwa na maneno ya kumtuliza mzungu aliyebaki.

Mashabiki weusi walilia, wakaandika, wakachambua msimu baada ya msimu jinsi Abbie alivyokuwa akisogezwa kando kwenye kipindi chake mwenyewe. Wahusika wakuu wa kipindi walitoa maelezo. Maelezo si msamaha. Hakuna ahadi iliyotiwa saini kwa jina la Abbie, wala kongamano la Lincoln.

Nasikia jibu tayari: ati si mashindano ya machozi. Sawa, si mashindano. Lakini aliyeyapima machozi si sisi. Mzungu akikasirikia tamthilia, anaitwa mtazamaji aliyeumizwa. Mweusi akikasirika, ameleta siasa, anaharibu raha, mbona asianzishe kipindi chake. Na wanaosema hivyo mara nyingi si mabosi wa studio bali mashabiki wenzake, walewale aliobishana nao usiku kucha kuhusu nani anampenda nani. Shabiki mweusi hukosoa huku akiangalia nyuma, kwa sababu kombora la kwanza litatoka upande wake.

Kisha ikafika Juni, na Orange Is the New Black ikamkaba Poussey sakafuni mpaka akakata roho chini ya mlinzi mzungu. Poussey alikuwa mweusi na alikuwa msagaji. Kama hesabu ingekuwa ya haki, machozi yangekuja mara mbili. Badala yake waandishi walitaka tuone kifo hicho kama somo kuhusu polisi na Marekani, na mtazamaji mweusi akauliza swali rahisi: somo hili ni la nani? Sisi tulilijua kabla ya kulipia Netflix.

Kuna njia nyingine ya kumnyamazisha mkosoaji, nayo ni kumtupia mfupa. Girls ilipoanza 2012, watu waliuliza inakuwaje Brooklyn haina weusi. Msimu wa pili ukaja na Donald Glover, mpenzi wa Hannah. Akakaa vipindi viwili, wakagombana kuhusu rangi, wakaachana. Mwandishi amejibu lawama na bado ameshinda ubishi, kwa sababu kalamu ni yake.

Na sisi hapa Nairobi tusijifanye watazamaji wa mbali. Sense8 ilikuja kupiga picha mitaani mwetu, ikampa Capheus matatu yenye jina la Van Damn, halafu ikamleta Mwingereza kumcheza. Lafudhi tukaicheka wenyewe kwa wenyewe, basi. Kipindi kilipofutwa Juni 2017, mashabiki duniani kote walipiga kelele na Netflix ikatoa sehemu ya kufungia mwaka uliofuata. Kwa hivyo masikio wanayo. Wanachagua tu.

Mwaka wa 2020 Beharie alieleza kilichokuwa kikiendelea nyuma ya Sleepy Hollow. Yeye na mwigizaji mwenzake waliugua wakati mmoja. Mwenzake aliruhusiwa kwenda nyumbani Uingereza kwa mwezi mzima. Yeye akabaki kupiga kipindi kizima bila mwenzake. Baadaye akapewa sifa ya mtu mgumu kufanya naye kazi. Mashabiki walioambiwa wanaona ubaguzi kila mahali walikuwa wameusoma kwenye skrini miaka minne kabla, bila kuwa na mtu ndani.

Kuhusu kipindi chenyewe: kilirudi Januari 2017 bila Abbie. Crane akatafutiwa mwenza mwingine. Kufikia Mei, Fox ilikuwa imekifunga, na wengi wa wale walioitwa wasumbufu walikuwa washahama zamani.